Mvua ya Jana, Tarehe ya Leo

Asubuhi niliyoanza kazi ya maji sikuwa natafuta kazi. Nilitoka lojing ya River Road bila mpango wowote. Wiki hiyo nilikuwa nimeacha duka la vyuma, kwa sababu nilishajua bei ya kila msumari na hapakuwa na jipya la kuuliza. Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la nne huko Bunyore, na tangu hapo kila kazi niliifanya mpaka nilipoielewa, kisha nikaondoka.

Nilipoteremka mtoni nilimkuta mwanamume amesimama majini hadi kiunoni, ameshika fimbo ya chuma yenye panga dogo linalozunguka, na masikioni amevaa vyombo kama vya mtu wa simu. Nikamwuliza anasikiliza nini.

"Mto," akasema bila kunitazama. "Shika hii kamba. Usivute."

Nikaishika. Panga lile huzungushwa na mkondo, na kila mzunguko hulia tik masikioni. Ukihesabu milio hiyo unajua kasi ya maji, na ukipima pia upana kwa ile kamba, na kina, unajua ni maji kiasi gani yanapita. Nilimwuliza maswali mpaka saa sita. Mwishowe akatoka, akakamua suruali, akasema, "Wewe mdomo yako haichoki? Basi kesho leta hiyo miguu. Tutakuandika kibarua."

Huyo alikuwa Bwana Mutiso, Fundi Mkuu wa Vipimo, Mkamba asiye na haraka. Tangu siku hiyo aliniita Miguu.

Aliyetuongoza sote tulimwita Mhandisi wa Utafiti. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Parklands, na mwavuli haukukosekana garini mwake hata wakati wa kiangazi. Utafiti wake ulikuwa na swali moja: mvua ikinyesha huko juu, upande wa Riruta na Dagoretti, huchukua saa ngapi kufika chini kama mafuriko? Bila jibu hilo, alisema, kila daraja linajengwa kwa kubahatisha.

Kina cha mto kilichorwa na mashine yenye saa, kalamu na karatasi, mchana na usiku. Mvua ilihitaji watu. Kipimamvua ni mkebe wa shaba wenye faneli na chupa ndani. Kila siku saa tatu asubuhi msomaji humimina maji ya chupa kwenye gilasi yenye alama, akasoma, akaandika. Lazima mkebe ukae mahali pa wazi, mbali na kuta na miti, la sivyo nyumba inakinga mvua nawe unapima mabaki.

Baada ya mwaka nilijua kazi, au nilisema najua. Bwana Mutiso akanituma peke yangu nikafunge kipimamvua Riruta kwa Mama Njoki, mjane mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha. Alikuwa amejenga vyumba vitano, na cha sita kilikuwa kijengwe kwenye kona iliyobaki. Kona hiyo ndiyo pekee iliyokuwa wazi. Akaitazama, kisha akanitazama mimi na kofia yangu ya serikali.

"Hii ni ya kusaidia watu?"

"Ya kusaidia watu, Mama."

"Basi weka. Chumba kitangoja."

Nikamfundisha. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, karatasi nzima, na Kiingereza changu kiliishia darasa la nne. Hilo sikumwambia mtu. Mama Njoki nilimwambia kwamba akishasoma, aandike kwenye tarehe ya siku hiyo. Akafikiri kidogo.

"Lakini mvua hii si imenyesha jana?"

Mwenye akili angesema ngoja niulize ofisini. Mimi niliweka kofia sawa. "Serikali haijali ya jana, Mama. Andika ya leo."

Kwa miaka miwili hakukosa asubuhi hata moja. Hata Jumapili alisoma kwanza, ndipo akajifunga kitambaa cha kichwa aende kanisani.

Kisha siku moja Mhandisi akatandaza michoro ya mto mezani, na ya mvua juu yake. Vituo vingine vyote vilikubaliana na mto.

"Mutiso, angalia. Mto imejaa Jumanne jioni. Riruta, mvua imenyesha Jumatano. Tena hapa. Tena hapa. Wewe umeona wapi mto inajaa kabla ya mvua?"

Bwana Mutiso akakuna kidevu. "Labda huyo mama anaandika akiwa kitandani."

"Anatunga! Miaka mbili ya kutunga. Toa huo mkebe. Mama apewe barua, na chifu apewe nakala."

Nikapewa mimi barua zote mbili, pamoja na spana ya kufungulia mkebe. Ndani ya basi, kwenye Ngong Road, nilisikia swali la Mama Njoki kama vile amekaa kiti cha nyuma. Nilijua kosa ni la nani. Ningeweza kumpa barua nikanyamaza. Ningeweza pia kushuka nikaenda zangu, maana nimewahi kuacha kazi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini yule mama angebaki kuitwa mwongo mbele ya chifu na kanisa lake. Nikashuka Dagoretti Corner, nikarudi mjini kwa miguu.

"Mhandisi, mama hajatunga," nikasema mlangoni. "Anaandika siku anayosoma. Mimi ndiye nilimfundisha hivyo. Yale maelekezo sikuweza kuyasoma."

Alivuta mchoro wa Riruta, akausogeza nyuma siku moja. Mvua Jumanne, mto Jumanne. Kila mahali. Akakaa chini polepole.

"Miaka mbili safi kabisa," akasema. Kisha akanigeukia. "Mvua ya kusomwa saa tatu asubuhi ni ya jana, kwa sababu katika zile saa ishirini na nne nyingi ni za jana. Hata mtoto anajua."

"Huyo mama alijua, bwana."

Bwana Mutiso akakohoa ili asicheke. Mhandisi hakucheka. "Utasahihisha daftari zote kwa mkono yako, mbele ya huyo mama. Ukimaliza, nitajua kama una kazi."

Nikaenda Riruta na godoro na sanduku. Mama Njoki alikuwa uani akiambua maharagwe. Nikamweleza yote, na barua nikamwonyesha.

"Kwa hiyo chifu angeambiwa mimi ni mwongo."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akaambua mpaka sufuria ikajaa. "Utalala wapi?"

"Nitatafuta chumba."

"Vitano vimejaa. Cha sita kimekaliwa na mkebe wako." Akanionyesha stoo kwa kidole. "Hamisha magunia."

Nilikwenda kwa wiki mbili, na nimestaafu nikiwa bado Riruta. Kazi ilinibakiza, kwa kuwa maji ndiyo kitu pekee ambacho sikumaliza kukiuliza. Siku hizi mashine hupima mvua na kuandika tarehe zenyewe, nami nafurahi. Ila mkiona namba za ajabu, vijana mnaoingia kazi hii, msianze kwa kumshuku aliyeziandika. Ulizeni kwanza alifundishwa nini, na nani.

Usiku ule wa kwanza mlango wa stoo niliuzuia kwa gunia, maana Mama hakunipa ufunguo. Asubuhi, saa tatu kamili, akainua gilasi hadi usawa wa macho, akasoma, akashika kalamu.

"Tarehe?"

"Ya jana, Mama."

"Ya jana!" akasema, na wapangaji wote wakasikia. "Kumbe serikali imeanza kujali."

Akaandika, akapuliza wino ukauke, ndipo akatoa ufunguo wa stoo mfukoni mwa aproni.