Fisi Aliyekunywa kwa Kinywa Changu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kusema na macho ya kuona. Namshukuru kwa kunifikisha uzeeni nikiwa bado nawaandikia watoto.

Juzi nilipanda hadi mtaa wa Kimihurura, kwenye chumba ambamo vijana huchora filamu zetu za katuni kwa kompyuta. Mimi ndiye mwandishi wao wa hadithi, na ndiye mzee pekee humo ndani. Binti anayeongoza kazi alikuwa ameshika kurasa zangu, uso ameukunja.

"Mzee, huyu fisi iko kimya ukurasa mzima. Atasema saa ngapi?"

"Hasemi. Anakunywa maji."

"Ukurasa mzima anakunywa maji? Eh! Watoto watahama chaneli, Mzee wangu. Tuukate?"

Nikamwomba anisikilize kwanza. Nawe, rafiki yangu, sogea karibu, maana niliyomwambia ndiyo haya.

Nyumba yetu ya utotoni ilikuwa mtaa wa Nyakabanda, ya matofali ya udongo, uani kuna jiko la mawe matatu na moshi usioisha. Asubuhi tuliamshwa na cherehani ya jirani yetu fundi, aliyeshonea kwenye baraza lake lililopakana na dirisha letu. Babu, ambaye wazee wake walikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, alitufundisha Kurani. Bibi alikuwa Mnyarwanda wa milimani. Aliingia Uislamu alipoolewa, akaja na hadithi zake zote na miiko yake yote. Mwiko mmoja ulinitesa kuliko mingine: hadithi hazisimuliwi mchana. Nilikuwa nikimbembeleza tukichambua maharage, naye hujibu, "Kirazira," yaani ni mwiko. "Msimulizi wa mchana hugeuka mjusi."

Ndipo nikaugua surua. Walinilaza kwenye chumba kilichofungwa pazia, mdomo umejaa vidonda, na kila tone la maji likawa moto. Nikakataa kunywa. Muuguzi wa zahanati alimwambia Bibi waziwazi kwamba mtoto asipokunywa atakauka, na akikauka hatabaki. Nilisikia. Hata hivyo nilifumba mdomo, kama watoto wafanyavyo.

Bibi alileta uji wa mtama, akaleta maji ya ndimu, akaomba dua, akanikaripia. Mimi nilitaka kitu kimoja tu.

"Nisimulie ya fisi."

"Jua liko wapi? Kirazira. Unataka nigeuke mjusi?"

"Geuka. Mjusi haugui surua."

Cherehani ikanyamaza nje. "Bi mkubwa," fundi akaita dirishani, "ukigeuka mjusi niambie mapema, nikushonee gauni lenye nafasi ya mkia!"

"Wewe maliza kwanza kanzu ya Idi iliyopita!" Bibi akamjibu, na fundi akarudi kwenye kazi yake akicheka.

Lakini Bibi hakucheka. Alinitazama, na leo najua alikuwa akipima mwiko wa wazazi wake na uhai wa mjukuu wake. Kisha akafunga midomo yake, akanionyesha kwa kidole kwamba imefungwa, akainua mkono. Ngumi ikawa fisi. Vidole viwili vya mkono wa pili vikawa sungura. Hakusema neno.

Sungura alimkimbiza fisi juu ya blanketi, juu ya magoti yangu, hadi kwenye kikombe cha bati. Fisi alikuwa hoi kwa kiu. Akainama juu ya kikombe, akabaki hapo. Ngumi haina kinywa! Bibi akanitazama, akaitazama ngumi. Nikaelewa. Nikavuta funda moja, likaniunguza, na fisi akatikisa matako kwa furaha. Nilipoacha, fisi naye aliacha, akaangusha kichwa, na sungura akalala kabisa, kana kwamba dunia imesimama. Nikanywa tena. Hivyo tulikwenda hadi kikombe kikaisha, na siku zilizofuata, hadi homa ikaniacha. Bibi hakuvunja mwiko wake, na mimi sikukauka.

Binti aliurudisha ukurasa mahali pake.

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nilianzia kwenye michezo ya redio, ambako kila kitu lazima kisemwe, na nilipohamia katuni wahusika wangu walikuwa wakieleza hata wanavyopiga chafya. Taratibu, Mungu akanirudisha kwenye mkono wa Bibi: mwache mnyama atende, mtoto atajaza maneno mwenyewe.

Bibi ametangulia, fundi naye, na pale palipokuwa na nyumba yetu pana ghorofa. Mwiko nao umekufa. Hadithi zangu huonyeshwa mchana kweupe, na sijaona mjusi. Siku hizi mtoto akiugua hupewa simu, na mara nyingine anachotazama ni katuni yangu. Nafurahi, lakini nina huzuni moja. Fisi wangu huyu wa rangi nzuri hunywa mtoto akinywa, na hunywa mtoto asipokunywa. Hamtazami mtoto. Hamngoji. Kwa ufundi wote niliojaliwa, hilo sijaweza kuliandika.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuafu na kila ugonjwa. Na siku utakayofumba mdomo wako kwa maumivu, akupe mtu wa kukaa kando ya kitanda, asiyeendelea na hadithi mpaka umeze.