Taarifa Aliyoiandika Bi Kimya

Wanasema uso umeumbwa na haya. Wa Bi Kimya uliumbwa na ukali kwanza. Haya ilikuja baadaye, tena ikaja yote kwa mpigo mmoja.

Jina hilo alibandikwa na mtaa. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mkutubi wa maktaba ya manispaa, chumba kimoja chenye madirisha manne na rafu za mbao, na neno lake la kwanza kwa kila aliyeingia lilikuwa "Kimya!" Ukikohoa, kimya. Ukicheka, nje. Vitabu alivipenda, wasomaji aliwavumilia. Lakini tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Asiyejua kusoma akipata barua alimkimbilia yeye, naye aliisoma ya posa na ya msiba kwa sauti ileile, na siri za watu hazikumtoka mdomoni.

Kisha manispaa ikaanza kubana matumizi. Ikafunga kliniki ya meno, ikazima taa za uwanja wa watoto, na zamu ya maktaba ikafika. Wakazi hawakukaa wakalia. Walikutana karakana kwa seremala wakaandika ombi: tupeni ufunguo, tutaiendesha wenyewe kwa zamu. Manispaa ikamuuliza Bi Kimya, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu, kama wakazi hao wana uwezo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Aliwaza: nikisema wanaweza, mimi wa nini tena? Nikisema hawawezi, itabidi waniache kwenye kiti changu. Akachukua kalamu akaandika. Wala hakusitasita, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. Manispaa ilimshukuru kwa taarifa yake, ikamwachisha kazi, ikatia kufuli mlangoni. Akakosa mwana na maji ya moto.

Miezi miwili alijifungia ndani akisingizia magoti. Majirani walidhani ni uchungu wa kazi. Huyu akamletea chakula, yule akamfulia mapazia, na kila bakuli lililovuka kizingiti lilimzidishia aibu. Alikuwa akilirudisha limeoshwa, bila kumtazama mwenye bakuli usoni.

Alasiri moja akaja fundi cherehani wa mlango wa pili, na seremala nyuma yake. Fundi huyu kila mchana alikuwa akiketi pembeni mwa maktaba na majarida ya mitindo. "Anaangalia picha," Bi Kimya alizoea kujisemea, maana yeye ndiye aliyemsomea barua zake zote tangu ujana.

"Hodi, dada. Magoti yanasemaje?"

"Karibuni. Yapo tu."

"Tumeletewa bahasha na manispaa. Ombi letu wanaliamua Ijumaa. Wametia na taarifa ya mtaalamu, wanataka tuijibu. Hebu tusomee."

Bi Kimya aliitambua karatasi kabla haijakunjuliwa. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa saba: *Wakazi wa mtaa huu hawana uwezo wa kutunza kitabu, sembuse maktaba. Wengi wao hawajui hata kusoma.* Njia ya mwongo ni fupi, naye alijua, lakini akaishika hivyohivyo.

"Wakazi wa mtaa huu," akasoma, "wana... wana uwezo wa kutunza maktaba. Wengi wao ni wasomaji wa siku nyingi. Wakipewa ufunguo, hawatamwangusha mtu."

"Maneno mazuri," seremala akasema, huku akiuchunguza mguu wa meza uliolegea. "Kaandika nani?"

"Hawakutia jina."

Seremala akazidi kuinamia ule mguu wa meza. Fundi akasogeza kiti. Akaweka kidole chake chenye makovu ya sindano kwenye mstari wa saba, akakipeleka polepole.

"Ha-wana u-wezo wa ku-tunza ki-tabu," akasoma, "sem-bu-se mak-ta-ba." Kidole kikashuka mpaka kwenye sahihi, kikatulia hapo.

Bi Kimya alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Umejua kusoma lini?" Lilikuwa swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Palepale pembeni pako, dada. Miaka miwili. Zile picha zina maneno chini yake. Nilikuwa nayasoma kwa kunong'ona, nawe ukinifokea ninyamaze."

Bi Kimya akafunika uso kwa viganja. "Niliogopa," akasema. "Niliona mkiweza, mimi nitakuwa si kitu. Nisameheni."

"Ya kusameheana tutayaongea siku nyingine," fundi akajibu. Hakununa, wala hakutabasamu. "Nimekula aibu ya mstari huo tangu juzi, na leo nimekuja nione kama utausoma. Hukuusoma. Basi."

Akaigeuza karatasi upande mweupe, akatoa kalamu kifuani.

"Sasa andika. Vilevile ulivyotusomea, usipunguze neno. Ila hapo kwenye 'wana', usigugumize. Halafu tia sahihi, ile yako."

Bi Kimya akaandika. Machozi yakaharibu herufi mbili ikabidi azirudie. Fundi aliinama begani kwake, akisoma kila neno kwa sauti kubwa lilipokuwa likitoka kwenye kalamu, na Bi Kimya hakuthubutu kumwambia anyamaze.