Mkubwa wa Wodi Niliyejichagulia

Nakiri ujinga wangu: habari ambayo ingemsaidia ndugu yangu nilimpelekea mtu ambaye haikumhusu hata kidogo.

Otieno alikuwa amelazwa wodi ya wagonjwa wa akili hapa Kisumu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani Nyalenda, hospitali naijua kwa kupita nje. Siku ya kwanza kumwona aliniambia polepole kwamba vidonge anavificha shavuni, kisha anavitema chooni. Nikatafuta mkubwa wa wodi. Nikamwona mzee mwenye koti jeupe, tumbo mbele, funguo kiunoni. Nikamweleza yote. Akaitikia, "Sawa, Bwana." Msichana mmoja aliyevaa blauzi na sketi akaniuliza kama kuna shida.

"Nimeshaongea na daktari," nikamjibu. "Wewe nitafutie kiti."

Akanitafutia.

Niliporudi siku ya nne, Otieno alikuwa na bandeji kichwani. Sauti anazozisikia akiugua zilikuwa zimemrudia, akajigonga ukutani mpaka damu. Hakunitambua.

Yule msichana akaja. Kumbe ndiye muuguzi mkuu. Pale wauguzi hawavai sare, wagonjwa wasiogope.

"Ulijua anatema dawa?"

"Nilimwambia daktari," nikasema, nikimwonyesha mzee wa koti jeupe, aliyekuwa anasukuma kigari cha mashuka machafu.

"Huyo anafanya kazi ya dobi," akasema.

Jirani yangu Mama Awuor, niliyemwomba anisindikize, hakungoja tutoke.

"Baba Akinyi, mdomo wa kuuliza ulikuwa nao. Ndugu yako ndiye ameumia."