Misuli ya Muuza Magodoro

Kuna watu wamepewa kifua, wao wakadhani wamepewa na akili. Muuza magodoro alikuwa mmoja wao. Duka lake lilikuwa pale penye kona, magodoro yamepangwa mpaka karibu na dari, na yeye kajilaza juu ya mojawapo mchana kutwa akiwasifia wateja sponji. Kazi nzito kuliko zote kwake ilikuwa kubonyeza godoro kwa kidole na kusema, "Hebu na wewe bonyeza." Lakini akianza kupiga domo, ungedhani mji mzima umesimama mgongoni mwake.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amejiunga na kikundi cha kupanda ukuta. Ghala moja la zamani lilikuwa limegeuzwa, kuta zimejaa vishikio vya plastiki vya kila rangi, kamba zinaning'inia kutoka juu, na vijana wanapanda kama mijusi. Aliyemshikia binti kamba kule chini, ili akiteleza asianguke, ni mjomba wake, kinyozi, mtu mwembamba asiye na maneno mengi. Basi jioni mezani ikawa mjomba hivi, mjomba vile.

Hilo lilimkera muuza magodoro mpaka chakula kikamshinda.

"Yule ndugu yako?" alimwambia mkewe. "Si hata mashine ya kunyolea inamtikisa?"

"Mtoto anampenda mjomba wake," mke alijibu. "Wewe kinakuuma nini?"

Kilikuwa kinamuuma. Shule zikifungwa, kikundi kingekwenda kupanda jabali la kweli nje ya mji, na kila kijana angechagua mtu wa kumshikia kamba. Muuza magodoro alitaka achaguliwe yeye. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, ingawa hata ungemchapa bakora asingekiri.

Akaenda ghalani. Mwalimu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alimweleza taratibu. Anza na ukuta rahisi. Sukuma kwa miguu, usijivute kwa mikono. Pumzika kabla ya kurudi. "Mikono hunenepa upesi," alisema, "vidole huchelewa kupata nguvu. Usivilazimishe." Kisha akamweleza desturi ya hapo: kabla mtu hajainua mguu kutoka chini, yeye na anayemshikia kamba hukaguana, fundo, mkanda wa kiunoni, na kile kifaa cha kubana kamba.

"Hata mimi hukaguliwa," mwalimu alisema.

"Mimi nikaguliwe kama mzigo wa bandarini?" akauliza, akacheka peke yake.

Siku hiyo alijivuta ukutani kwa mikono peke yake, miguu inaning'inia kama suruali kwenye kamba ya nguo. Katikati ya ukuta mikono ikawaka moto, ikabidi ateremshwe. Kosa likawa la viatu. Haambiliki huyo, na asiyeambilika huwa hakosi cha kusingizia.

Akahamishia mazoezi nyumbani. Alifunga bomba la chuma kwenye mlango wa chumba cha kulala, akaning'inia, na fremu nzima ikang'oka na misumari yake.

"Sasa tutalala mlango wazi kwa ajili ya misuli," mkewe alisema, akaendelea kukunja nguo.

Kutoka hapo akaanza kuning'inia kwa ncha za vidole kwenye ubao wa dirisha, asubuhi na jioni, bila kupumzika hata siku moja, mpaka kidole kimoja kikalia ta! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alianzia kwenye kidole. Dukani akawaambia wateja ameumia mlimani. Mlima gani, hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

Kidole kikapona, na mikono, tuseme haki, ikajaa. Akaanza kuvaa mashati ya kumbana, akipita mtaani kifua mbele kama jogoo. Siku moja kinyozi akachelewa kufika ghalani kwa sababu ya wateja, na binti akawa hana wa kumshikia kamba. Muuza magodoro akajitokeza. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha.

"Angalia fundo langu, Baba," binti alisema.

"Nakuamini, mwanangu. Panda."

Binti alilikagua fundo lake mwenyewe, akaukagua na mkanda wa baba yake, ndipo akapanda. Alipokaribia juu, jamaa mmoja pale chini akamsifia muuza magodoro mikono. Na yeye, mtu mzima mwenye mke na duka, akaachia kamba ili akunje mkono aonyeshe msuli.

Kamba ikakimbia. Mwalimu aliruka akaidaka, na mtoto akasimama hewani akiwa ameporomoka zaidi ya kimo cha mtu.

"Nilikuwa naijaribu kamba," muuza magodoro alisema huku akicheka. Ptu! Uongo mtupu!

Binti aliteremshwa, akafungua fundo, akasema, "Asante, Baba," akaenda kunywa maji. Yule bwana akaipokea asante hiyo kama tuzo. Hakuuliza kama mtoto ameumia, hakuomba radhi, na usiku akalala fofofo.

Siku ya jabali alikuwa wa kwanza kufika. Shati limembana, mkanda kashauvaa kabla hajaitwa. Mwalimu akawaambia vijana kila mmoja amchukue mtu wake. Binti alishika ncha ya kamba, akampita baba yake, akasimama mbele ya kinyozi.

"Mjomba, nikague."

"Mwanangu, mimi nipo hapa," muuza magodoro alisema.

"Nakuona, Baba."

Kinyozi alilivuta fundo, akaupapasa mkanda. Binti naye akamkagua. Wala hawakuwa na haraka. Kisha akapanda, akitafuta pa kuweka mguu, akipumzika, akipanda tena, mpaka akafika kileleni, na baba yake akasimama pembeni, ile mikono yote haina kazi.

Binti aliposhuka, baba yake alimfuata.

"Mjomba wako hana nguvu," alisema kwa sauti ya chini. "Mikono hii nimeijenga kwa ajili yako."

Na hilo, kwa mara ya kwanza, lilikuwa neno la kweli kutoka kinywani mwake.

"Najua, Baba," binti alisema. Hakuwa na hasira. "Ila ukinishikia wewe, kila hatua naangalia chini kuona kama bado umeshika. Mjomba akishika, siangalii."

Muuza magodoro akainama kuuvua ule mkanda, asionekane uso.