Amplifaya Yangu Ilijibu Chafya ya Mke Wangu

Mke wangu alipiga chafya jikoni. Spika ya sebuleni ikajibu: tiiing!

Hakukuwa na santuri yoyote inayocheza. Hakuna aliyegusa kitu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, nikingoja amplifaya ipate moto.

"Umesikia?" nikauliza kwa sauti.

"Nimesikia. Redio yako ina adabu kukushinda. Wewe hata pole hujaniambia."

Mwingine angeita watu waje kuiombea nyumba. Mimi nikachukua penseli.

Kwa wasiojua, amplifaya yangu ni ya zile za zamani, zinazotumia valvu. Valvu ni vile vichupa vya kioo vinavyosimama juu ya mashine na kuwaka rangi ya chungwa. Ndogo mbili zinaupokea muziki ukiwa bado dhaifu, kubwa mbili zinausukuma mpaka kwenye spika.

Mambo haya niliyasoma shule ya usiku, nikiwa tayari baba wa watoto. Kwa hiyo nilijua la kufanya. Unaigonga kila valvu taratibu kwa kitako cha penseli, huku umetega sikio. Iliyo nzima hunyamaza. Ambayo vyuma vyake vya ndani vimelegea hulia.

Nikagonga ndogo ya kwanza. Kimya.

Ya pili. Tiiing!

"Hiyo imechoka," mke wangu akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo begani.

"Inawaka, mama."

"Hata mimi nawaka, lakini magoti yangu unayajua."

Nikamwambia aende zake. Valvu zile zilikuwa za asili, nilizonunua pamoja na mashine nikiwa kijana mwenye nywele. Kila mgeni aliyeingia kwangu aliisikia hadithi hiyo kabla hajapewa hata maji. Na seti mpya, ya akiba, ilikuwa kabatini, kwenye maboksi yake, imeviringishwa taulo. Sikuwahi kuigusa. Niliitunza kwa ajili ya siku ya shida.

Basi. Siku ya shida ikaja, imevaa viatu virefu.

Alikuwa mjukuu wangu wa kwanza, yule anayeniita mume wake tangu hajaota meno ya mbele. Jumamosi iliyofuata alikuwa anaolewa, na tulikuwa na ahadi ya tangu utotoni: siku akiolewa, muziki wake utatoka kwenye mashine ya babu. Si kwa di-jei, si kwenye simu.

Alikuja na mchumba wake, kijana mmoja mrefu ambaye tumezoea kumwita Ngazi.

"Mume wangu, tuwekee ule wimbo wetu. Tunataka kujaribu kuucheza."

Nikaweka santuri. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka karibu kigote. Zamani nilikuwa nakiacha katikati, lakini nilijiambia ni masikio yangu, umri umeanza kudai chake.

Wimbo ukaanza. Wakacheza kidogo, kisha mjukuu wangu akasimama.

"Babu, mbona mwimbaji ana mafua?"

"Mafua gani? Ni sauti ile ile."

"Si ile. Gitaa la besi liko wapi? Na huku kushoto kama kuna mtu anakaanga kitu."

Ngazi akajaribu kunisaidia. "Labda ni spika, babu."

"Spika haina tatizo," nikasema. "Tatizo ni nyinyi mmezoea vya kwenye simu."

Mjukuu wangu akaangalia vidole vyake. Nilimjua. Alikuwa anatafuta njia ya kuniambia jambo bila kuniumiza.

"Babu, kuna di-jei mmoja, rafiki yake Ngazi. Tulifikiri labda wewe upumzike tu siku hiyo, ukae mbele na bibi..."

Jamani. Kuambiwa upumzike ni matusi yaliyofuliwa na kupigwa pasi.

"Nipe mpaka kesho jioni," nikasema. "Njoo usikilize tena. Kama bado ana mafua, mwite huyo di-jei na mimi nitakaa mbele, nitapiga makofi, nitanyamaza."

"Kweli, babu?"

"Mimi nimewahi kukudanganya, mke wangu?"

Walipoondoka nilikwenda moja kwa moja kabatini. Hapo ndipo mke wangu alipoanza mambo ya ajabu.

"Unatafuta nini?"

"Valvu mpya. Leo zinazaliwa."

"Leo? Si ungengoja kwanza? Hata chai hujanywa."

"Wewe si ndiye uliyesema zimechoka?"

"Nilisema, ndiyo. Ngoja niende dukani, sukari imeisha."

Sukari haikuwa imeisha. Niliiona mezani, kopo limejaa. Lakini sikuwa na nafasi ya kuchunguza sukari.

Nilizima mashine, nikachomoa waya ukutani, nikaiacha ipoe vizuri. Usicheze na vitu hivi, vinahifadhi umeme hata vikiwa vimezimwa. Kisha nikashika kitambaa safi, nikazitoa zile za asili, nikazipanga mezani kama mashujaa waliomaliza kazi. Karibu niwapigie saluti.

Nikaweka mpya. Nikawasha.

Zikawaka. Nikatabasamu.

Halafu ikaanza kuunguruma.

Kwanza mmm, kama friji. Halafu kr-kr-kr. Halafu nikaona sahani ya chuma ndani ya valvu moja kubwa inakuwa nyekundu, nyekundu kabisa, kama kaa la moto. Nikaruka nikazima. Kwa umri wangu, kuruka si neno la kuchezea.

Valvu mpya! Hazijawahi kutumika hata dakika moja!

Zilipopoa nilizitoa, nikavaa miwani, nikaziangalia dirishani. Kioo kilikuwa na weusi kwa ndani. Ule mng'ao wa fedha unaokaa juu ya kioo ulikuwa umefifia, umebaki ukingo wa kahawia. Na miguu yake, ile inayoingia kwenye soketi, ilikuwa imechubuka.

Kitu kipya kinachubukaje miguu bila kutembea?

Mke wangu akarudi, mikono mitupu. Akaniona pale dirishani, valvu mkononi. Akajaribu kujizuia. Midomo ikatetemeka. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umefanya nini?" nikauliza.

"Mimi? Nimekutunzia ndoa."

"Mama, sema."

Akakaa, akafuta machozi. "Unakumbuka ulipokwenda kukaa kwa kaka yako alipougua? Redio yako ilikuwa inaunguruma kama paka mwenye pumu. Nilikuomba ubadilishe valvu, ukasema zina uzima wa miaka mia. Nikamwita fundi. Akaweka zile mpya. Za zamani akazirudisha kwenye maboksi, nikaviringisha taulo kama ulivyoviringisha wewe."

Nikageuka kuangalia mashujaa wangu pale mezani. Kumbe mashujaa ndio waliokuwa watoto.

"Ina maana miaka yote hii..."

"Miaka yote hii umesikiliza akiba yako. Na uliporudi safari unajua ulisema nini? Uliweka santuri, ukafumba macho, ukasema: mnaona vitu vya asili? Kadiri vinavyozeeka ndivyo vinavyozidi utamu!"

Akaanza kucheka upya. Nilitaka kununa. Nilijitahidi sana. Lakini nikawakumbuka wageni wote niliowahubiria ile hadithi ya valvu za asili, na mke wangu akiwa pale pale anawamiminia chai, uso mkavu kama hakimu. Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika.

Asubuhi tukaenda wote kwa fundi, mashine imefungwa kwa shuka kama mgonjwa.

Fundi aliponiona tu akainua mikono. "Mzee, sikuwa na hila. Mama aliniambia nikifungua mdomo sitakula tena kwenu."

"Na umekula sana," nikamjibu. "Sasa fanya kazi."

Akaziweka valvu nilizozitoa jana, wale mashujaa, kwenye mashine yake ya kupimia. Kwenye valvu kubwa, sindano ilipanda kidogo ikakata tamaa njiani. Moja ilikuwa dhaifu kuliko mwenzake, ndiyo maana upande wa kushoto ulikaanga. Ile ndogo inayolia haikuhitaji kipimo.

"Bado zinatengenezwa?" nikauliza, moyo juu.

"Kila siku, mzee. Dunia haijaisha."

Akanipa kubwa mbili zilizolingana, kwa sababu hizo hufanya kazi kwa kugawana mzigo, na ndogo moja. Akarekebisha umeme unaoingia kwenye valvu, akaweka wimbo.

Sikuusikia tu ule wimbo. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza.

Pumzi ile niliwahi kuijua. Iliondoka kidogo kidogo, na mimi niliyekuwa nasikiliza kila siku ndiye sikuona ikiondoka.

Jioni mjukuu wangu akaja. Kitufe kilikuwa katikati. Besi ikaingia. Alimvuta Ngazi, wakasogeza meza, wakacheza wimbo wote. Kisha akachukua simu yake.

"Halo? Di-jei? Samahani, kaka. Njoo Jumamosi, lakini njoo kula."

Ndugu zangu wenye mashine za valvu, msingoje zizime. Balbu hufa mara moja, valvu huchoka huku inawaka. Ukiona unazidi kuongeza sauti, besi imelegea, upande mmoja umenywea, au spika inaitikia chafya, usiyalaumu masikio kwanza. Mwite mtu asiyeishi kwako aje asikilize.

Na kama una kitu kizuri umekiweka kabatini kwa ajili ya siku maalumu, kifungue leo ukitumie.

Ila angalia kwanza kama bado kimo.