Stanislas Kabwe na upanga uliong'aa kupita kiasi

Saa moja asubuhi, na Stanislas Kabwe tayari ana masizi hadi kwenye nyusi. Mkewe, Marceline, anavuta mivukuto huku akimsema kwa kusahau uji wake. Chuma cha springi kuukuu ya gari kinaiva, kinawekwa juu ya fuawe, na nyundo inaanza kazi.

Hapa ni Cité Albert, Élisabethville, mwaka 1956. Kabwe ana miaka hamsini na minne. Riziki yake ni majembe na mapanga ya kufyekea, kila moja faranga thelathini. Lakini wiki hii anafua upanga wa makali mawili.

"Miye minafua majembe miaka makumi tatu," anasema. "Mupanga ya bachifu, hapana, sijafanya hata moja."

Upo mmoja nyumbani kwake. Babu yake, au nkambo kama wanavyomwita, aliufua kabla reli haijafika Katanga, akauzungushia mpini waya wa shaba. Siku hizo upanga haukuwa wa kukatia kitu. Chifu aliushika akihukumu, na wabishi wakafunga midomo. Leo Wazungu wanautaka wa kutundika ukutani, na ukiwa na kutu ndio wanaupenda zaidi.

Kwa desturi ya ukoo wao, urithi huo si wa watoto wa Kabwe. Ni wa Clément, karani, mtoto wa dada yake Mwansa. Mwezi uliopita Clément alileta habari iliyomkata maini mjomba wake: amepata mnunuzi, mhandisi mmoja Mbelgiji.

"Yama," alimwambia, akimwita mjomba kwa heshima ya mpwa, "nyumba ya mama inavuja. Mvua inaanguka mu kitanda yake. Tufanye namna gani?"

Kabwe alikubali, kisha akalia, wala haoni haya kulisema.

Asubuhi ya kuuaga alifanya kama alivyolelewa: kitu cha wazee hakitoki nyumbani kichafu. Akausugua kwa mchanga na majivu, akaupaka mawese, hadi Marceline akajiona uso.

Mhandisi akafika, akaugeuza mara mbili, akacheka.

"Hii iko mupya, mzee! Umeifanya wiki hii!"

Wakamweleza, wakaapa, wapi! Clément nusura alie. Lakini mgeni alipofika mlangoni alirudi, akaupima tena mkononi, akasema kazi safi namna hiyo hajaiona mjini. Basi mzee amfulie miwili kama huo. Akalipa nusu papo hapo.

Mabati yamekwisha kupigiliwa na Mwansa analala pakavu. Upanga wa babu umebaki, na Clément ameapa hautauzwa tena. Deni lililobaki ni la mhunzi: kutoa miwili inayolingana na ule, kwa mkono uliozoea majembe. Wa kwanza ulipinda akautupa. Huu ni jaribio la pili.

Akifaulu, anapanga kufua mwingine wa watoto wake mwenyewe, "nabo bapate kitu ya kugombania."

Marceline anacheka. Kabwe hacheki. Anainua chuma, anakitazama kwa jicho moja.

"Ule bwana aliona mukono ya nkambo, akasema ni mukono yangu," anasema taratibu. "Hakuna muntu alinisifu vile tangu nizaliwe. Sasa inafaa ikuwe kweli."