Fundi wa cherehani aliyegoma kutia saini

Saa mbili asubuhi, mteja wa kwanza anaingia akiwa amekumbatia kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye shuka. Anakitua mezani na kuhema.

"Fundi, nimeambiwa kimekwisha. Ninunue kingine."

Fundi anafungua shuka, anazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, anasikiliza. Kisha anauliza swali analomuuliza kila mteja kabla hajagusa bisibisi: "Nani alikishika kabla yangu?"

"Fundi wa kule stendi."

"Na hicho kingine, anacho yeye?"

Mteja anacheka kwa aibu. "Alisema kipo kimoja, bei ya rafiki."

"Bei ya rafiki," fundi anarudia, huku akiinama na tochi. Kumbe ni uzi uliojiviringisha nyuma ya kikombe cha bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Anauvuta kwa kibano na kumwekea mteja kiganjani. Kazi ya dakika tano.

Wateja wanamwita Bobini. Ana miaka 43, watoto wawili, na chumba kimoja chenye mlango wa bati ambamo ametengeneza cherehani kwa miaka 19. Zamani alimaliza sita kwa siku. Tangu mwaka jana, zikifika tatu anashukuru.

Sababu ni damu. "Natoka siku kumi, napumzika nane, inarudi," anasema kwa sauti ya chini, ingawa chumbani hamna mwanamume. Tumbo nalo likaanza kujaa. "Jirani akaniuliza, 'Mwenzangu, mwaka huu tunalea?' Nikamjibu tunalea, ila huyu mtoto baba yake hajulikani hata kwangu."

Miezi minne iliyopita alianguka juu ya meza yake ya kazi. Wifi yake, dada wa mumewe, anayeuza nguo za mitumba duka la jirani, alimkimbiza hospitali. Kiwango cha damu kilikuwa sita. Kwa mwanamke mwenye afya hufika kumi na mbili au zaidi. Akaongezewa chupa tatu. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe saba kwenye kizazi, mkubwa wao ukiwa kama chungwa.

Aliporudi kuonana na daktari mpasuaji, fomu ya ridhaa ilikuwa imeshajazwa: kuondoa kizazi pamoja na ovari zote mbili, yaani vile vifuko vinavyotunza mayai ya mwanamke.

"Kizazi nilikielewa. Ndicho kinachovuja," anasema. "Lakini ovari? Nikamuuliza zina nini. Akasema kwenye picha ziko salama. Nikasema haya, mbona zinang'olewa? Akasema, 'Kwa hali yako, ni kwa usalama zaidi.' Hapo ndipo nikanyanyuka."

Hakunyanyuka kwa hasira. Aliikunja fomu, akaitia mkobani, akaaga vizuri. Lakini moyoni neno lilikuwa limeshaingia.

"Mtu akikwambia toa kizima pamoja na kibovu, kuna mawili. Ama hajui, ama anajua sana. Mimi mafundi wa namna zote mbili nimewaona."

Kuanzia siku hiyo, Bobini hakumwamini mtu. Mumewe, mwashi asiye na maneno mengi, alimwambia, "Daktari kasoma, mama watoto. Tia saini upone." Akaona mumewe amesema upesi mno. Muuza dawa za mizizi akamwahidi kuyeyusha uvimbe wote kwa siku ishirini na moja. Bobini akaomba aonyeshwe mwanamke mmoja tu aliyepona.

"Akaniambia wako safarini," anasema. "Nikamuuliza, wote? Akasema, wote."

Aliyemtia shaka zaidi ni wifi. Kila jioni alipofunga duka alipitia mlangoni na neno lilelile: "Toa vyote, wifi. Usibakize kitu humo ndani." Alilisema akiwa amesimama, akalisema akiwa amekaa, akalituma hata kwa simu.

"Nikajiuliza, huyu ana haraka ya nini? Tumbo si lake. Nikawaza labda ananitaka niwe gogo, kaka yake apate sababu ya kuoa mwingine. Usiku mzima nikimtazama mume wangu amelala, na yeye hana habari."

Shaka ina gharama yake. Wiki tano zilipita, na damu haikungoja afikirie. Siku moja bisibisi ilimponyoka mara tatu kwa kizunguzungu. Kipimo kikarudi saba na nusu. Muuguzi akamkazia macho: "Mama, unasubiri nini? Uletwe tena umebebwa?"

Hapo akaamua kumrudia daktari, lakini kwa swali lake la kazini. Wifi alimsindikiza kubeba begi, akabaki nje kwenye benchi.

"Daktari," alimwambia, "kabla hujaniona, nani alikupa habari zangu?"

Daktari hakukasirika. Alifungua faili, akaligeuza upande wake, akamwekea kidole kwenye ukurasa wa siku alipoanguka. Muuguzi wa zamu alikuwa ameandika: bibi na shangazi wa mgonjwa wamefariki kwa saratani ya ovari.

Bobini alisoma mara mbili. Baba yake alizaliwa peke yake, shangazi hana. Bibi mmoja alikufa usingizini akiwa na miaka 88, na wa pili yu hai, anagombana na majirani mpaka leo.

"Aliyetoa maelezo haya ni nani?" daktari akauliza.

Wifi akaitwa ndani, begi begani.

"Wifi, shangazi yangu gani alikufa kwa saratani ya ovari?"

"Mbona unauliza kama mgeni? Si shangazi tuliyemuuguza wote! Na bibi kabla yake."

"Hao ni shangazi yako na bibi yako."

"Wetu!" wifi akasema, akiwa amechukia kweli. "Miaka ishirini na moja uko kwetu, umemwosha shangazi kwa mikono yako, leo mbele ya daktari ndiyo unajitoa kwenye ukoo?"

Daktari aliinamisha uso, akajikohoza. "Mama, ukoo ninaoutafuta mimi ni wa damu. Wa kuzaliwa."

Wifi akakaa polepole. Safari hii sauti ilikuwa imeshuka. "Nilikuona pale mezani huna rangi. Nikasema huyu anakwenda kama shangazi. Ndiyo maana nilikwambia utoe vyote."

Bobini anasema hakuwa na pa kuutia uso wake. Wiki tano alikuwa amemtafutia mwanamke huyu dhambi.

Daktari naye hakuwa amemaliza. Alichukua karatasi nyingine, akamgeukia wifi. "Kama hao wawili ni wa damu yako, basi ninayetaka kumpima mapema ni wewe."

"Mimi?" wifi akashtuka. "Mimi nimekuja kubeba begi!"

Ndipo mazungumzo yalipoanza upya. Daktari alikiri kwamba alipaswa kumuuliza Bobini mwenyewe habari za ukoo wake alipopata nafuu, badala ya kutegemea karatasi. Akaeleza kuwa kwa umri wake ovari bado zinafanya kazi ya kulinda mifupa na moyo, na zikitolewa dalili za kukoma hedhi huja ghafla, kama joto la mwili na kukosa usingizi. Kuondoa uvimbe peke yake kuliwezekana, lakini kwa uvimbe saba, na mmoja umezama ndani, damu nyingi ingepotea, na mwingine ungeweza kuota. Bobini hataki mtoto mwingine. Alichagua kizazi kitoke.

Hata hivyo, hakutia saini siku hiyo. Alichukua picha zake, akazipeleka hospitali nyingine.

"Huyo wa pili sikumwambia wa kwanza kasema nini," anaeleza. "Ukimpa fundi jibu la mwenzake, atakurudishia hilohilo na kukutoza."

Daktari wa pili akasema kizazi kitoke, ovari zibaki.

Fomu mpya ya daktari wa kwanza ina mstari ulioongezwa kwa kalamu: ovari zibaki, isipokuwa zikikutwa na ugonjwa. Bobini alilibishia hilo "isipokuwa" kwa karibu nusu saa, hadi daktari alipokubali kwamba likitokea, atapiga picha na kumwonyesha. Akasoma tena, akaomba nakala, akatia saini.

Je, sasa anamwamini? Anafikiri, huku akifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta. "Nimemwelewa. Kumwamini, tutaonana nikizinduka."

Upasuaji ni Jumatatu. Kwa wiki sita hataruhusiwa kunyanyua kitu kizito, na kichwa kimoja cha cherehani kina kilo kumi na mbili, kwa hiyo ameshawaambia wateja wake duka litafungwa. Wifi amepewa tarehe yake ya vipimo, Alhamisi, wiki tatu baada ya upasuaji huo. Ameshaiahirisha mara moja. Bobini amemwambia kwamba safari hii begi atalibeba yeye, hata kama ni kwa toroli.

Miezi mitatu ijayo binti wa dada yake anaolewa. Bobini anasema kuna jambo hajapata kumwambia mtu: kwa miaka mitatu hajakaa kwenye kochi la nyumba ya watu. Msibani anasimama. Kwenye sherehe anajitia mchangamfu, anagawa sahani, anakusanya vikombe, na watu humsifu kwamba hachoki.

"Nilikuwa nachoka mpaka naona giza," anasema. "Lakini ningekaaje, nikiinuka niache alama? Harusi hii sibebi sahani ya mtu. Nitatafuta kochi jeupe kuliko yote, nikae katikati, waniletee."